Rafiki yangu hakuja kumzika mama. Miaka 14 baadaye nimejua kwa nini

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 43, nashona nguo hapa Moshi mjini. Nakuandikia usiku watoto wakiwa wamelala, maana mchana nikilifikiria jambo hili naharibu kazi za watu. Juzi nimekata kitenge cha mteja kombo.

Mwaka 1998 nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni hapahapa Kilimanjaro. Mdogo wangu alikuwa kidato cha kwanza shule hiyohiyo. Nilikuwa na rafiki, nitamwita R. Baba yake alikuwa dereva wa malori, na safari moja alimletea kitabu alichokiokota Nairobi kwenye vitabu vya mitumba: Little Women, cha Mmarekani anaitwa Louisa May Alcott. Ni habari za dada wanne, Meg, Jo, Beth na Amy, wanaoishi na mama yao wakati baba yuko vitani. Hela hawana, lakini nyumba yao ina joto. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuungaunga. R ndiye aliyekuwa hodari, akawa anatusomea kwa tochi chini ya blanketi taa zikishazimwa, anatafsiri papo hapo, na neno likimshinda tunafungua kamusi. Asubuhi ya Krismasi wale dada wanabeba kifungua kinywa chao na kumpelekea mama maskini mwenye watoto wengi. Na sisi tukabeba kande zetu na sukari yetu, tukampelekea msichana wa bweni la pili aliyekuwa na malaria.

Tulipeana majina. Mimi nilikuwa Jo, yule mwandishi mwenye hasira, na sikukubali kuwa mwingine. R akawa Beth kwa sababu ya upole wake. Mdogo wangu tukampa Amy, akalia. Tulipomaliza kidato cha nne R akanipa kitabu kile kiwe changu. Siku ya harusi yangu alikuwa mpambe wangu. Mama alikuwa akimwita binti yake wa tatu.

Mama alifariki mwaka 2011. Tulimzika nyumbani Marangu, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, ubavuni kwa baba. R hakuja. Shangazi, unajua kwetu hilo lina maana gani. Watu walitoka Dar, walitoka Mwanza, na yeye yuko Arusha, kilomita 80 tu hadi Moshi. Simu yake ilikuwa imezimwa. Siku ya tatu baada ya maziko ikaingia M-Pesa, shilingi 50,000, kwa jina lake. Nikairudisha palepale na kumwandikia ujumbe: "Pesa yako haijui njia ya kaburini." Hakujibu. Nikamwambia mdogo wangu jina hilo lisitajwe tena nyumbani kwangu. Sikuishia hapo. Kwenye vikoba, na kwa wenzetu tuliosoma nao, nimekisimulia kisa hicho mara nyingi, na kila nilipokisimulia watu walikuwa upande wangu.

Desemba iliyopita tulipanda kwenda nyumbani Marangu kama kawaida. Nilikuwa napanga vitu kwenye sanduku la mama nikakikuta kitabu, jalada lake bado limefungwa gazeti. Nikasema nimpe binti yangu, yuko kidato cha pili na anapenda kusoma. Kabla sijampa nikakisoma upya.

Nilikuwa nakumbuka vizuri kwamba Amy anaachwa nyumbani dada zake wakienda kutazama mchezo, anakasirika, anachoma daftari la hadithi ambazo Jo ameziandika kwa miaka. Nikiwa na miaka 16 nilimchukia Amy mpaka nikamnunia mdogo wangu wa kweli. Kinachofuata nilikuwa nimekisahau kabisa. Jo anakataa kusamehe. Anakwenda kuteleza kwenye mto ulioganda, Amy anamfuata kwa nyuma. Laurie, kijana wa jirani, anaonya kwamba barafu ya katikati si salama. Jo anasikia, anajua Amy hajasikia, ananyamaza. Amy anazama, wanamwokoa kwa shida. Pembeni ya ukurasa ule kuna maandishi ya R, ya penseli: "Jo naye! Si ungemwambia tu?"

Nilipompa binti yangu, baada ya siku chache akaniambia, mama, hiki ni nusu. Kumbe hadithi hii ilitoka sehemu mbili, 1868 na 1869, na Uingereza sehemu ya pili iliuzwa kama kitabu kingine. Cha kwetu kinaishia baba amerudi, Meg amechumbiwa, na Beth aliyekuwa mahututi amepona. Mimi miaka yote hii nilijua Beth amepona! Binti akanifungulia sehemu ya pili kwenye simu. Huko Beth anajua kwamba hataishi, na anaficha. Jo anamwona analia dirishani, anadhani ni mapenzi, anadhani Beth anamtaka Laurie. Amekosea kabisa. Nilipofika hapo niliweka simu chini. Sijui kwa nini, lakini usiku uleule nilimpigia mdogo wangu aliyeko Arusha, nikalitaja jina la R kwa mara ya kwanza baada ya miaka 14. Nikamuuliza, hivi yule alipatwa na nini?

Alinyamaza, halafu akalia. Wiki ile ya msiba R alikuwa hospitali. Mimba ya miezi saba, mtoto akazaliwa hana uhai. Alimsihi mdogo wangu asiniambie, kwamba nyumba yenye msiba haiongezewi msiba. Zile hela alizituma akiwa kitandani, na ujumbe wangu aliusomea hapohapo. Mdogo wangu hakuacha kwenda kumwona mpaka leo. Akamalizia kwa kuniapisha: "Usimwambie nimekuambia. Nimeitunza siri yake miaka yote."

Nimepanga Jumamosi moja nipande basi, niende kwake na jani la isale, lile la kwetu la kuombea amani, nipige magoti. Lakini nikiomba msamaha atajua siri imetoka, na nitakuwa nimemharibia mdogo wangu. Nikinyamaza, sina usingizi. Na huyo mdogo wangu nashindwa hata kumtazama. Amekula mezani kwangu miaka 14 anajua, na ananisikiliza nikimsema vibaya mtu asiye na kosa. Mume wangu anasema yaliyopita si ndwele. Shangazi, nifanye nini?

Aliyejiita Jo, Moshi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Naanza na pole ya mama, japo imechelewa miaka 14, kwa sababu katika barua yako nimemwona akizikwa na nimeliona sanduku lake, lakini sijakusikia ukimlilia. Naona siku ya tatu ya msiba hasira juu ya R iliingia nyumbani kwako ikakaa mahali ambapo majonzi yalitakiwa kukaa. Inawezekana baadhi ya machozi unayolia usiku huu kwenye cherehani ni ya mama, yamechelewa tu kutoka. Yaache yatoke kabla hujapanda basi lolote.

Umebanwa, naliona hilo. Kumwomba R msamaha unadhani ni kumchongea mdogo wako, na kumlinda mdogo wako unadhani ni kumnyima R haki yake. Juu ya yote una kinyongo na huyohuyo unayetaka kumlinda.

Hebu tuitazame hiyo siri kwanza, maana ndiyo inayokukaba. Nakuuliza taratibu: unataka kusamehewa nini hasa? Kama ni kwa sababu umegundua alikuwa hospitali, basi kweli huwezi kufungua mdomo bila siri kutoka. Lakini ujumbe ule wa M-Pesa ungekuwa mkali hata kama R angekuwa nyumbani kwake anatazama runinga. Kurudisha rambirambi, kulipiga marufuku jina lake, kumsimulia vikobani mbele ya watu ambao hawajamsikia yeye, hayo uliyafanya ukiwa na macho yako mawili, na hakuna aliyekuficha. Mtu anaweza kusema: "Nilikutumia maneno mabaya nikiwa na uchungu wa mama. Sikukuuliza umepatwa na nini. Nisamehe." Hapo hakuna siri ya mtu iliyoguswa. Na hayo maneno ya kwamba hukumuuliza yanamwachia R mlango. Akitaka kukuambia atakuambia, asipotaka ni haki yake.

Na ujiulize jambo jingine, ingawa ni gumu. Kama mdogo wako angekujibu kwamba R hakuwa na sababu yoyote, kwamba aliogopa tu kuliona kaburi la mama aliyempenda (wapo watu wa namna hiyo, nimewajua), ungekuwa umeniandikia? Sikuulizi ili nikuhukumu. Nahofia jambo moja tu: ukimwendea ukiwa umebeba habari za mtoto wake, anaweza kuona kwamba amesamehewa kwa sababu alifiwa, kama mwanafunzi aliyeleta cheti cha daktari. Mtoto yule si udhuru wa kukosa mazishi. Ni mtoto wake. Na yeye pia, wiki ileile, alikuwa na wa kumzika.

Sasa isale. Mimi mila hii naiheshimu sana, na ni kwa heshima hiyo nataka tuifikirie vizuri. Jani hili ndilo linaloonyesha mpaka wa kihamba, na ndilo jani la kuombea amani. Nguvu yake iko wapi? Iko kwamba mtu aliyeletewa isale hatakiwi kulikataa. Ndiyo maana wazee hawakulikurupukia. Aliyekosa alimtuma mtu mzima, akaenda akazungumza, akasikiliza, na huyu aliyekosewa akapata muda wa kusema uchungu wake kabla jani halijamfikia mkononi. Wewe unataka kufika Jumamosi bila taarifa, umepiga magoti, jani mkononi, majirani wanachungulia. Utakuwa umemwachia nafasi gani ya kusema "bado sijawa tayari"? Atakuinua, atasema yameisha, atakupikia chai. Wewe utarudi Moshi umetua mzigo, na yeye huenda akabaki na usiku wake. Sisemi haiwezi kuwa njema. Watu wamekumbatiana mlangoni wakasahau miaka. Nasema isale likifika mapema mno linaweza kumnyamazisha mtu uliyetaka kumsikia.

Kitabu hicho nilikisoma nikiwa mtu mzima tayari, nacho nakipenda, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo kwenye ile barafu. Sisi huku barafu tunaiona juu Kibo asubuhi mawingu yakifunguka, hatuijui kwa miguu. Mwandishi alikuwa na uwezo wa kuipasua siku aliyotaka, hasira ya Jo ikaisha jioni moja kwa sababu Amy alikuwa karibu kufa mbele ya macho yake. Wewe hukupewa jioni hiyo. R alizama mwaka 2011 na hakuna aliyekimbia kukuita. Huwezi kurudi mtoni leo ukafanya kama ndiyo kwanza barafu imepasuka. Mwenzako alishatoka majini zamani, ametolewa na watu wengine, ameshakauka. Kinachofuata baada ya barafu ndicho kilichonigusa mimi, na nadhani wasichana hupita hapo haraka. Mama yao anamwambia Jo kwamba naye ana hasira kama yake, amejaribu kuiponya kwa miaka 40 na ameweza kuitawala tu. Kisome tena hicho kipande, sasa una umri wake.

Tena nikuulize, ulipoweka simu chini pale kwenye siri ya Beth, ulirudi kuendelea? Mbele kidogo Jo anampeleka Beth pwani, na siku moja anamtazama usoni akaelewa bila kuambiwa. Beth anamwambia amefurahi kwamba amejua, kwamba alijaribu kumwambia akashindwa. Nalitaja hili kwa uaminifu, kwa sababu linakwenda kinyume na tahadhari zangu zote. Wapo watu wanaoficha jambo huku wanaomba Mungu mtu alione. Inawezekana R ni mmoja wao, na amechoka kusubiri.

Lakini inawezekana siye. Alcott alimwandika Beth akimkumbuka mdogo wake mwenyewe, Elizabeth, aliyefariki 1858, miaka kumi kabla kitabu hakijatoka. Beth ni marehemu anayekumbukwa na dada yake, ndiyo maana ni mpole kiasi kile. R yuko hai. Jina la Beth mlimpa ninyi akiwa msichana, na wewe mwenyewe umeniletea ushahidi kwamba halimtoshi: "Jo naye! Si ungemwambia tu?" Huyo aliyeandika hivyo ni mtu anayeona kosa na kulisema. Kwa hiyo jiandae kukutana na mwanamke ambaye huenda amekasirika, au aliyeshajenga maisha yake vizuri bila wewe na hataki kuyafungua. Kimya chake cha miaka 14 kinaweza kuwa uchungu. Kinaweza pia kuwa amani.

Mdogo wako. Hapa mwanangu nakuomba upunguze mwendo kuliko mahali pengine popote. Una haki ya kuumia. Ni kweli alikaa mezani kwako anajua, na kukusikia ukimsema R hakukuwa jambo dogo. Lakini mwaka 2011 alikuwa binti wa miaka kama 27 anayemzika mama yake, sawa na wewe. Mmoja akampa siri, mwingine akampa amri kwamba jina lisitajwe. Amewatii wote wawili. Siku ulipouliza, usiku uleule, alikujibu. Sioni kama alikuwa anakuficha. Naona alikuwa anasubiri swali, na swali wewe ndiye uliyelifungia nje. Halafu fikiri: kwa miaka yote hii, kwa R, familia yenu ilikuwa na sura ya nani? Ni huyo mliyempa jina la Amy akalia.

Ndiyo maana ningependa uzungumze naye kwanza, ana kwa ana, si kwa simu. Usimwombe ruhusa ya kuisema siri. Mwulize yeye anaogopa nini. Anaweza kuamua kwenda mwenyewe kwa R na kumwambia, "Dada aliniuliza, nikashindwa kunyamaza." Hiyo ni njia safi, ila ina hatari, na watakaoilipa si wewe: R anaweza kumkasirikia, akapoteza mtu pekee aliyembakia kutoka kwenu, na mdogo wako akapoteza rafiki. Kama atasema hapana, hapana yake ina uzito.

Njia ya karatasi ipo pia. Barua fupi ya mkono, yenye makosa yako uliyoyafanya wewe na bila hata dokezo la hospitali, apelekewe na mtu anayemwamini au aikute tu. Simu ningeiogopa, kwa sababu neno lako la mwisho lilipita humo. Barua inampa R nafasi ya kuisoma mara tatu, kuichana, kuiweka kwenye droo mwaka mzima. Hatari yake unaiona: unaweza usijibiwe kamwe, ukabaki unaangalia mlango. Umewahi kujipima kama unaweza kuishi na hilo? Wengine wanaweza. Wengine kimya hicho huwageuza, hasira ya zamani ikarudi na nguo mpya: "nimejishusha, na bado kanidharau." Wewe na Jo mnafahamiana na hasira hiyo.

Na mumeo, usimwone hana huruma. Huenda ameona unavyokonda. Kunyamaza nako ni njia, hasa kunyamaza kwa muda, mpaka ujue unachokwenda kutafuta Arusha ni R au ni usingizi wako. Vyote viwili ni halali kuvitaka, ila havitafutwi kwa mlango mmoja.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji ruhusa ya mtu yeyote. Vikobani, na kwa wale mliosoma nao, hadithi yako bado inatembea. Unaweza kukaa nao siku yoyote ukasema, "Yale niliyokuwa nayasema juu ya R niliyasema bila kumsikia yeye, na nayarudisha." Wakiuliza umegundua nini, una haki ya kutojibu. Litakuwa gumu kuliko kupiga magoti kwa mtu mmoja, nadhani, kwa sababu pale ndipo ulipopata watu wa kukuunga mkono.

Kitabu chenyewe sijui ukipeleke au ukibakize. Alikupa kwa mapenzi, na kukirudisha kunaweza kusomeka vibaya kwa mtu ambaye tayari alirudishiwa kitu mara moja. Pengine kikae kwa binti yako kwanza. Mwambie tu asiyafute maandishi ya penseli. Akiuliza ni ya nani, utamjibuje? Nitafurahi ukiniandikia uniambie ulimjibu nini.